Facebook, TikTok, WhatsApp au blogu: wakala wa ardhi Nakuru aweke nguvu zake wapi?

"Dada, nina simu moja na bando ya wiki. Nianzie wapi?"

Aliyeniuliza hivyo ni kijana aliyejiunga na ofisi yetu hapa Nakuru akitokea chuoni. Alikuwa amekwisha kufungua kurasa kila mahali: Facebook, TikTok, Instagram, YouTube, hata LinkedIn. Kila ukurasa ulikuwa na picha zile zile tatu za ploti moja ya Lanet, na kila ukurasa ulikuwa kimya. Nilimjibu nikiwa mlangoni, funguo mkononi, maana kulikuwa na mteja akinisubiri mtaa wa Section 58. Jibu la mlangoni halikumtosha. Najua wako wengi wenye swali hilo hilo, kwa hiyo naliandika hapa kwa kirefu.

Kwanza kipimo. Wengi wetu huchagua mtandao kwa kutazama umejaa watu kiasi gani. Mimi, baada ya miaka tisa ya kuuza na kupangisha, natazama mambo mawili tu: chapisho langu litaishi kwa muda gani, na mteja ninayemtafuta huchukua muda gani kuamua. Stetasi ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24. Posti kwenye kundi la Facebook lenye shughuli nyingi huwa imezama kabla ya jua kutua. Video ya TikTok ikibahatika hutembea siku kadhaa, pengine wiki mbili, kisha hutulia. Makala ya blogu iliyoandikwa vizuri bado inasomwa mwaka wa tatu.

Sasa mtazame mteja. Anayetafuta bedsita mtaa wa Free Area ana siku tano: notisi yake inaisha mwisho wa mwezi na pikapu ya kuhamisha vitu imeshaongelewa. Anayenunua ploti ni mtu mwingine kabisa. Mkataba wa kawaida wa mauziano humtaka alipe asilimia 10 mwanzoni na humpa siku 90 za kukamilisha. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi lazima iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Na hapo sijahesabu ile miezi, mara nyingine miaka, aliyokaa akiwaza, akiweka akiba kwenye sacco, akimuuliza shemeji yake. Chapisho la siku moja haliwezi kumsindikiza mtu huyo safari yote.

Nyumba za kupanga: Facebook kwanza

Kwa nyumba za kupanga nasema waziwazi, anza na makundi ya Facebook. Nakuru ina makundi mengi ya watu wanaotafuta na wanaoachia nyumba, na anayeingia humo amekwisha kuamua kuhama. Kilichobaki ni nyumba gani na bei gani. TikTok, kwa upande wake, humpelekea nyumba yako mtu aliyekuwa akitazama vichekesho. Anaweza kuipenda, akauliza "iko wapi hiyo?", kisha akaendelea na vichekesho vyake kwa sababu anaishi Mombasa na hana mpango wa kuondoka huko.

Siku za kuposti ni kati ya tarehe 20 na tarehe 5. Nje ya hapo utapata simu, lakini chache. Na andika kila kitu. Tazama posti hizi mbili za nyumba moja:

"Nyumba kali sana Kiamunyi. Bei inboksi."

"Nyumba ya chumba kimoja cha kulala, Kiamunyi, dakika tano kwa miguu kutoka lami. Kodi 12,000, dipoziti ya mwezi mmoja. Maji ya kisima, kila nyumba na mita yake ya tokeni. Ghorofa ya pili, ngazi tu. Inaachwa wazi tarehe 1."

Ya kwanza itakuletea maoni mengi, na mengi ni neno moja: "Bei?" Utashinda siku nzima ukijibu watu ambao wakisikia 12,000 wataondoka bila kuaga. Ya pili italeta simu nne, na mbili kati yao zitataka kuja kuona. Mimi nimeacha kabisa hii desturi ya kuficha bei. Mpangaji wa Nakuru anajua mshahara wake. Ukimficha bei unamwambia kwamba unataka kwanza kumpima mfuko, naye ana haki ya kukasirika.

Facebook ina ubaya wake mkubwa, nami umenipata. Niliwahi kuposti picha za nyumba ya Naka, nzuri, zilizopigwa asubuhi jua likiingia jikoni. Siku tatu baadaye mama mmoja alifika langoni na mtoto mgongoni na begi mkononi. Alikuwa amelipa shilingi elfu mbili za "kuona nyumba" kwa mtu aliyechukua picha zangu, akazirudisha kwenye kundi jingine kwa kodi ya chini, akazima simu baada ya kupokea pesa. Mlinzi alinipigia. Nilipofika, yule mama hakunigombeza. Alinionyesha ujumbe wa M-Pesa, akaniuliza, "Sasa hii yangu itarudi vipi?" Sikuwa na jibu. Nilimtafutia nyumba Pipeline bila kumtoza chochote, lakini zile elfu mbili hazikurudi.

Tangu siku hiyo, kila picha ninayoweka Facebook ina jina la ofisi na nambari ya simu katikati, juu ya ukuta au juu ya kabati, pale ambapo mtu hawezi kukata pembeni akabaki na picha safi. Na kila posti humalizikia na mstari mmoja: "Hatutozi pesa ya kuona nyumba." Fanya hivyo hata kama inaharibu picha.

TikTok kwa nyumba za kupanga inafaa zaidi pale nyumba yenyewe inapopendeza kutazamwa: maghorofa mapya ya Milimani, nyumba zenye bustani upande wa Ngata. Kwa bedsita ya 5,000 mpangaji anataka kujua maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na jambo hilo halionekani kwenye video.

Ploti: TikTok kando ya blogu

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo pesa kubwa hupotea na ndipo mawakala wengi huchagua vibaya.

Nguvu ya TikTok ni kwamba haikudai uwe na wafuasi. Ukurasa wa jana unaweza kutazamwa na maelfu leo ikiwa watu wanaitazama video hadi mwisho. Kwa wakala mpya hiyo ni neema, kwa maana Facebook utaposti kwenye ukurasa wako na wataona binamu zako. Tena ardhi inaonekana. Mteja aliye Riyadh au Minnesota hawezi kupanda matatu ya Mbaruk, lakini anaweza kuiona njia.

Video inayouza ploti, kwa uzoefu wangu, ni ile isiyokatwa. Shuka stejini, washa kamera, tembea hadi kwenye bikoni ya kwanza, ile alama ya kona ya ploti, bila kuzima. Mteja anahesabu mwenyewe hatua. Anaona nguzo za umeme zimefika wapi, anaona jirani amejenga au hajajenga, anasikia kama kuna lori la mawe linapita. Mwezi wa nne mwaka mmoja nilipiga video kama hiyo upande wa Bahati baada ya mvua ya usiku. Tope lilinifika kwenye kifundo cha mguu, na mwenye shamba, mzee mmoja mpole, akanisihi, "Binti yangu, ngoja jua, utaniharibia." Niliiweka hivyo hivyo, na bei nikaitaja. Aliyenunua alinipigia akasema alikuwa ametazama video nyingi za ploti na zote zilikuwa na jua. Ya kwangu ndiyo iliyomwambia atahitaji changarawe, naye akaiweka kwenye bajeti.

Lakini ngoja uone yanayofuata video ikitembea. Maoni: "Hati iko?" "Maji?" "Ni ngapi?" "Fifty by hundred?" "Hati iko?" Tena na tena, watu tofauti, swali lile lile, na wiki ijayo ukiweka video nyingine unaanza upya. TikTok haikumbuki. Anayetaka kununua baada ya miezi minane hawezi kuitafuta ile video kati ya mia tatu zako.

Blogu ni kinyume chake karibu kwa kila jambo. Miezi ya kwanza hakuna anayesoma. Mimi niliandika makala tano kabla simu ya kwanza haijaingia kutoka kwa mtu aliyesema, "Nimesoma kwenu." Haileti msisimko, hakuna namba za kujivunia jioni. Lakini inajibu mara moja kwa wote, na inamkuta mtu saa ile ile anapouliza Google.

Nitatoa mfano ulionifundisha. Kwenye video moja nilisema ploti ya Lanet ni "thumuni ya ekari, hamsini kwa mia", yaani sehemu moja ya nane ya ekari, futi hamsini kwa futi mia. Sote tunasema hivyo, mawakala, wenye mashamba, hata mafundi. Kaka mmoja anayefanya kazi Doha aliomba picha ya hati, nikamtumia. Usiku akanipigia. "Dada, hati inasema hekta 0.0465. Thumuni ya ekari ni hekta 0.0506. Kipande kingine kiko wapi?" Nilikaa kitandani nikapiga hesabu kwenye simu. Ekari ni futi mraba 43,560. Gawanya kwa nane unapata 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000. Alikuwa sahihi. Futi mraba 445 tulikuwa tukiziuza kwa mdomo tu, miaka yote, bila nia mbaya lakini tukiziuza.

Nilimwomba radhi, nikamweleza kwamba ploti ni hamsini kwa mia kweli na kosa lilikuwa la maneno yangu, na asubuhi yake nikaandika makala: kwa nini hamsini kwa mia si thumuni ya ekari, na jinsi ya kusoma ukubwa kwenye hati. Ina hesabu hiyo hiyo, na picha ya sehemu ya hati ambapo ukubwa huandikwa, majina na namba vikiwa vimefunikwa. Hadi leo ndiyo makala inayosomwa kuliko zote. Watu hunipigia kutoka Kisii na Kitale, mahali nisipouza hata ploti moja, kuniambia wamepima yao. Ningeiweka TikTok pekee, ingekuwa imekwisha zamani.

Yako maswali mengine ya Nakuru ambayo hayaingii ndani ya dakika moja. Kwa nini hati ya ploti ya Lanet imeandikwa Dundori/Lanet? Mnunuzi asiye mwenyeji hudhani ameuziwa ardhi ya mahali pengine. Ushuru wa stempu, ambao mnunuzi huilipa serikali, ni asilimia 4 ndani ya mji na asilimia 2 mashambani, kwa hiyo ploti ya 800,000 humtoza mtu 32,000 au 16,000 kulingana na ilipo, na huyo aliyekuwa na 800,000 kamili anakwama. Na lile la Mwariki. Ziwa Nakuru limepanuka miaka hii, maji yakaingia kwenye makazi ya Mwariki na Barut, watu wakahama nyumba zao. Mnunuzi anauliza ploti fulani iko umbali gani na maji, naye anastahili kujibiwa kwa ramani na kwa maelezo ya miaka iliyopita. Video ya sekunde arobaini ikigusa jambo hilo itazua hofu au itafunika ukweli. Kwenye makala unaweza kusema: upande huu sitauza, upande huu nauza kwa sababu hizi.

Na lugha. Mkataba wa kuuza ardhi huandikwa kwa Kiingereza. Hati ni Kiingereza. Matokeo ya utafutaji rasmi wa hati ni Kiingereza. Mama wa Subukia anayeuza viazi na kuweka akiba miaka sita hukutana na haya yote siku ya kusaini, mbele ya wakili mwenye haraka. Blogu ya Kiswahili yaweza kuwa mahali pa kwanza anaposomewa mambo hayo kwa lugha yake akiwa bado nyumbani, pesa zikiwa bado mfukoni. Mimi huandika maelezo ya namna hiyo kwa Kiswahili na matangazo ya ploti kwa lugha zote mbili, maana wanaotafuta ploti Google wengi hutafuta kwa Kiingereza.

Ubaya wa blogu ni kuzeeka kwa taarifa zake. Makala ya bei za Kiamunyi iliyoandikwa mwezi Desemba 2021, wakati Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji na kila mtu akapandisha bei kwa shangwe, ikiachwa bila kuguswa humdanganya msomaji wa leo. Weka tarehe juu kabisa. Rudi kila baada ya miezi sita. Usipoweza kurudi, usiandike bei. Andika mambo yasiyozeeka upesi.

Muda je? Video moja ya TikTok hunichukua nusu saa kupiga na nusu saa kukata na kuandika maneno, na lazima ziwe mbili au tatu kila wiki bila kukoma. Makala moja hula Jumamosi yangu nzima, lakini mbili kwa mwezi zinatosha. Kwa mwaka, saa hazipishani sana. Zinapopishana ni mwaka wa pili: za TikTok zimekwisha, za blogu bado zinafanya kazi nikiwa nimelala.

WhatsApp: hapa ndipo pesa huzungumzwa

Sijawahi kufunga biashara ya ardhi kwenye maoni ya Facebook wala TikTok. Zote huishia WhatsApp, kwa hiyo usiiweke kwenye mizani pamoja na nyingine kana kwamba unachagua. Utaitumia tu. Swali ni utaitumia vipi.

Tumia ile ya biashara. Ina katalogi ambapo kila ploti ina picha, bei na maelezo, na ina lebo za kutenga wateja: aliyeuliza, aliyeona, aliyelipa dipoziti. Ile orodha ya matangazo ya kutuma kwa wengi hufikisha ujumbe kwa watu 256 tu, na kwa wale tu waliohifadhi nambari yako. Wakala asiyejua hili hutuma ujumbe kila Ijumaa akishangaa kwa nini hakuna jibu, kumbe haukuwafikia. Mwombe mteja ahifadhi jina lako mkiwa pamoja kwenye ploti, simu ikiwa mkononi.

Makundi ya WhatsApp ya kuuza ardhi sikushauri. Mengi ni madalali wakitumiana ploti za madalali wengine, kila mmoja akiongeza elfu hamsini juu. Stetasi, kwa upande mwingine, ni nzuri kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu wanaoitazama wanakujua: mwalimu aliyekufundisha, mwenzako wa kanisani, mteja wa mwaka juzi. Picha moja ya mteja akikabidhiwa hati, kwa ruhusa yake, huleta simu za watu ambao wasingekuamini kwenye tangazo.

Ila usiweke kila kitu humo. Tarehe 4 Oktoba 2021, Jumatatu jioni, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote pamoja kwa takriban saa sita, kuanzia kama saa moja kasorobo saa za Kenya hadi baada ya saa sita usiku, kwa kuwa zote ni za kampuni moja. Nilikuwa na mteja Dallas, kwake ilikuwa asubuhi, tuliyekubaliana nimtumie video ya ploti ya Njoro siku hiyo kabla hajaenda kwa wakili wake. Sikuwa na barua pepe yake. Sikuwa na blogu bado. Nilikuwa na nambari ya WhatsApp tu, na ilikuwa kama sina. Biashara hiyo haikufa, lakini usiku ule ndipo nilipoamua kuwa na mahali pangu mwenyewe ambapo mteja anaweza kunipata hata hao wengine wakizima. Jina la tovuti linaloishia na .co.ke ni la gharama ndogo kwa mwaka, na kama hata hiyo huna, Blogger ni bure.

YouTube, Instagram na nyinginezo

YouTube ni ndugu wa blogu kuliko wa TikTok. Video ya dakika kumi na mbili kuhusu maisha ya Kiamunyi, maji, shule, nauli, hutafutwa na kupatikana mwaka baada ya mwaka. Kama wewe si mtu wa kuandika lakini unaongea vizuri, fanya YouTube mahali pa blogu. Hakuna ubaya.

Instagram nimeiona ikifaa kwa nyumba za kulala wageni na za likizo kando ya Elementaita na Naivasha, na kwa nyumba zilizokamilika za bei ya juu. Kwa ploti tupu yenye nyasi, hapana. LinkedIn ni ya kuuza majengo ya biashara na ofisi kwa mashirika. Usipouza hivyo, ifunge. Tovuti za matangazo ya nyumba kama BuyRentKenya na Property24 hufaa, lakini humo unasimama kwenye foleni pamoja na kila mtu.

Mwenzangu anayeuza Kisumu, upande wa Riat na Mamboleo, hupinga mpangilio wangu. Kwake Facebook ndiyo hubeba hata ploti, kwa sababu makundi ya watu wa nyumbani walioko ughaibuni yako hai sana na watu huulizana humo kwa majina ya ukoo na ya kijiji. Namwamini. Ukiwa Kisumu, Siaya au Busia, msikilize yeye kabla yangu.

Kabla hujabonyeza

Mambo mawili ya sheria, kwa kifupi. Sheria ya mawakala wa majengo, Sura ya 533, inamtaka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa na EARB, bodi inayosajili mawakala. Kama umesajiliwa, weka namba yako kwenye kila ukurasa, kwa maana wateja wameanza kuiulizia. Kama hujasajiliwa, fanya kazi chini ya ofisi iliyosajiliwa na uiseme hivyo.

La pili ni picha za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ina meno. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliutoza mkahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Yule mteja wako anayetabasamu na hati mkononi, mpe karatasi asaini au akuandikie ujumbe wa kukubali, na uuhifadhi. Funika jina, namba ya kitambulisho na namba ya ploti. Na usipige picha ndani ya nyumba ambayo mpangaji hajaondoka, nguo zake zikiwa kwenye kamba. Ni aibu kwake hata kama mwenye nyumba amekuruhusu.

Basi uchague nini

Ukiwa mpya, huna pesa, na unapangisha nyumba za chini ya 15,000: makundi ya Facebook na WhatsApp ya biashara, basi. Usiguse kingine mwaka wa kwanza.

Ukiuza ploti na ndiyo kwanza unaanza, hujulikani na mtu: TikTok ya video zisizokatwa, kwa sababu unahitaji macho, na makala moja ya blogu kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu utaihitaji mwaka wa pili na wakati huo hutaweza kurudi nyuma kuiandika. Kila video iseme mwishoni, "maelezo ya hati yako kwenye blogu yetu."

Ukiwa umekaa kwenye kazi miaka mitano au zaidi na una wateja wanaokuletea wateja wengine, punguza TikTok bila hofu. Andika. Unayo majibu ambayo kijana wa mwaka wa kwanza hana, na hayo ndiyo mnunuzi anayatafuta saa nne usiku akiwa na simu mkononi na akiba ya miaka mingi kichwani.

Yule kijana wa ofisini nilimfutia kurasa tatu kati ya tano, naye alinuna siku mbili. Sasa ana Facebook kwa bedsita zake za Free Area na Shabab, TikTok moja ya ploti, na Jumamosi iliyopita alikaa kwenye meza yangu hadi saa kumi jioni akiandika makala yake ya kwanza. Anaeleza jinsi ya kutafuta bikoni nne za ploti iliyoota majani, na nani wa kuita ikiwa unaziona tatu tu.